Viza kwa Kilo za Karafuu

Popote ulipo, msikilizaji, iwe barazani hapa Gando, Pemba, iwe Ukunjwi pwani unashona nyavu, au umo ndani ya gari ya Wete umebanwa baina ya ndoo na mizigo ya watu, karibu tuzungumze.

Leo tuna hesabu ya safari. Nakusudia safari ya kwenda nchi ya watu, si ya Chake Chake kwenda na kurudi. Nyumba za hapa kwetu zisizo na mtu nje ni za kuhesabu. Huyu ana kaka Maskati, yule ana shangazi London, na wa tatu ana ami zake Vanga, walikwenda kuvua wakaoa huko huko. Habari zao tunazisikia sana: fulani kaezeka bati, fulani kampeleka mama yake Hija. Gharama za kufika huko ndizo hazisemwi kwa sauti, maana mara nyingi ndani yake mna deni, na wakati mwengine mna shamba la mikarafuu lililowekwa rehani.

Mimi leo nitazisema, na kipimo changu kitakuwa karafuu. Dola hupanda sisi tumelala, lakini kilo moja ya karafuu kavu kila mtu hapa anajua jasho lake: kupanda mkarafuu, kuchuma, kuchambua usiku kwa taa, kuanika, kukimbilia majamvi mvua ikinyesha, mpaka kuifikisha kituoni kwa shirika la biashara la serikali, ZSTC. Nitashika bei ya shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, ambayo shirika hilo lilikuwa likilipa kwa miaka. Najua bei hubadilika. Nataka tu kipimo kitakachosimama pahala pamoja mpaka tumalize mazungumzo.

Tuanze na pasipoti. Kitabu hiki cha kielektroniki, kilichozinduliwa Januari 2018, ni shilingi 150,000. Elfu 20 unalipa mwanzo kwa fomu, na 130,000 baadae. Kwa kipimo chetu ni karibu kilo 11. Kinadumu miaka 10, kwa hiyo ukigawa mwaka kwa mwaka si ghali, na nitakuwa mkaidi nikisema hapo tunanyonywa. Kazi iko kabla ya hizo 150,000. Unatakiwa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo badala yake. Sasa mzazi wa mtu wa Gando aliyezaliwa miaka ya 1950 kazaliwa nyumbani, kwa mkunga, na mwaka wake anaujua kwa kukumbushwa kwamba ndio mwaka karafuu zilipozaa sana. Cheti atakitoa wapi? Ndipo zinapoanza safari: kwa sheha kutaka barua, Wete kuulizia daftari la zamani, Chake kwa sababu Wete wamesema nenda Chake, kisha kula kiapo, kisha kurudi tena maana jina la babu limeandikwa kwa herufi nyengine. Juma wa cheti hiki ni Jumaa wa kitambulisho kile. Kila safari ina nauli, na kila nauli ina siku moja ya kutokwenda baharini. Ukuta wa afisi una bango la ada, lakini hayo yote kwenye bango hayamo.

Nasema hivyo mapema kwa sababu ndilo jambo ninalotaka ulishike katika mazungumzo haya. Ada iliyoandikwa mara nyingi ndiyo ndogo. Kinachotumaliza ni gharama ya kuthibitisha: uthibitishe wewe ni nani, unakwenda kufanya nini, nani anakudhamini, na kwamba utarudi.

Twende baharini, huko ndiko safari zetu zilikoanzia. Kaskazi ikiingia, wavuvi wa Pemba hupakia nyavu, mchele na kuni wakaenda dago. Hupiga kambi Vanga, Shimoni, Gazi, mpaka Mayungu na Ngomeni upande wa Malindi, na wengine hufika Lamu. Hukaa miezi. Watu wa pwani ya Kenya wanatujua kwa hilo: wapo wanaotupenda kwa samaki tunaowaletea sokoni, na wapo wanaotulaumu kwa nyavu tunazotumia, na katika lawama hizo nyengine ni za haki. Wazee walikuwa wakitoka mlango wa Njao alfajiri, wanaukata mkondo, na upepo ukiwa mzuri jioni wanatia nanga upande wa pili. Hakuna aliyewauliza kitabu.

Kwenye karatasi, safari hiyo bado ni ya bure. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Mtanzania akiingia Kenya haombi viza, wala halipi ile dola 30 ya idhini ya mtandaoni ambayo Kenya ilianza kuwatoza wageni wa nchi nyingi Januari 2024. Anagongewa muhuri, na Shimoni afisi ya uhamiaji ipo. Ukisikiliza hivyo tu utasema Mpemba kapata, tatizo lake nini?

Muhuri unagongwa ndani ya kitabu, na kitabu tumeshakihesabu. Chombo cha dago hakiendi na mtu mmoja. Tuseme nahodha na mabaharia wake jumla ni 12. Vitabu 12 kwa 150,000 ni milioni 1 na laki 8, yaani karibu kilo 129 za karafuu, na nyavu bado hazijarowa. Ipo hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu, lakini nayo ina muda wake, na masuala ya cheti na sheha ni yale yale. Halafu muhuri wa mgeni ni wa kutembea. Mvuvi hatembei, yeye anavua. Atatakiwa na watu wa uvuvi kibali na leseni ya chombo, na pale ufukweni anapotaka kupiga kambi iko kamati yenye daftari, ile inayoitwa BMU, na kamati nayo ina ada yake kwa mvuvi mgeni. Soko la Pamoja limemfungulia mlango wa sebuleni, lakini yeye kazi yake iko jikoni.

Kwa hiyo wapo wanaokwenda hivi hivi. Nalisema wazi kwa sababu kila mtu hapa analijua. Wakikamatwa hulipa faini, au hulipa kitu kisichokuwa na risiti. Chombo kikizuiliwa siku tatu, samaki ndio wamekwisha. Mwisho wa msimu ukikaa nao ukajumlisha, asiyekuwa na karatasi mara nyingi ametoa zaidi ya mwenye nazo. Ila ametoa kidogo kidogo, leo hiki, wiki ijayo kile, na mtu ambaye hajawahi kushika milioni moja kwa pamoja hiyo ndiyo njia pekee anayoiona.

Wapo pia waliokwenda wasirudi, na hawa ndio ningependa tukae nao zaidi. Familia za Kipemba ziko Kwale, Mombasa, Kilifi na Lamu tangu kabla ya uhuru wa Kenya wa 1963. Wengine walivuka baada ya Mapinduzi ya 1964. Januari 2001, baada ya waandamanaji kuuawa hapa visiwani, zaidi ya watu 2,000 walivuka kwenda Shimoni wakawa wakimbizi, na wengi wao walirudi baadae. Wale wa zamani walizaa, wakapata wajukuu, na wajukuu wakawa si Watanzania kwa karatasi wala si Wakenya kwa karatasi.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 iliwafungulia njia watu wasio na uraia ambao wao au wazazi wao walikuwako nchini tangu uhuru, waombe ndani ya miaka 5. Muda ukaongezwa miaka 3, ukamalizika 2019, na Wapemba bado wako nje. Wamakonde, nao wasio na uraia, walitoka Kwale kwa miguu Oktoba 2016 kwenda Nairobi kudai haki yao, wakapewa. Washona nao wakafuata. Wapemba ilikuwa mpaka Julai 2023, Rais William Ruto alipofika Kilifi na kuwakabidhi hati za uraia. Inahesabiwa ni watu kama 7,000.

Hebu jiulize walikuwa wakilipa nini miaka yote hiyo. Ada hawakulipa, kwa sababu hapakuwa na dirisha la kulipia. Bila kitambulisho, mtu hasajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana M-Pesa, na Kenya bila M-Pesa huna mkono wa kupokelea. Leseni ya kuvua hapati. Benki haimjui. Wengi walikuwa wakitoka kuvua usiku kukwepa doria, na samaki wakiwauza kwa mwenye kitambulisho, kwa bei anayoitaka yeye, maana anajua huyu hana pa kwenda kushitaki. Mtoto akifaulu mtihani anakwama, cheti cha kuzaliwa hana. Piga hesabu ya bei ya samaki iliyopunguzwa kila usiku kwa miaka 40, kisha uniambie kibali cha ukaazi kina gharama gani pale kisipopatikana kwa bei yoyote. Mimi karafuu zangu haziwezi kuipima hiyo.

Sasa tugeuke Maskati. Viza ya matembezi ya Oman si ya kumtisha mtu: rial 5 kwa siku 10, rial 20 kwa mwezi mmoja, na rial 20 ni kama dola 52. Ubalozi wao mdogo uko Unguja, hakuna haja ya kuvuka Dar es Salaam. Tena baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoishika nchi, aliwafungulia mlango Wazanzibari wenye asili ya Oman, na wengi walikwenda. Mpaka leo ukitembea Maskati unaweza kusikia Kiswahili cha Pemba kama uko Wete sokoni. Kwa hao, nasaba ndiyo iliyokuwa dhamana yao.

Msichana wa Gando asiye na nasaba huko mlango wake ni kazi ya nyumbani, na mdhamini wake ni mwajiri. Viza analipa mwajiri, tiketi analipa mwajiri, kadi ya ukaazi analipa mwajiri. Wakala anamwambia mama mtu: hutoi hata senti. Kwetu neno hilo linapokewa kwa takbira. Mwaka 2017, mwezi wa Novemba, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa majumbani wa Kitanzania walioko Oman na Imarati. Humo mna wanawake walionyang'anywa pasipoti mara tu walipofika, waliokatwa au kunyimwa mishahara, na waliotaka kuondoka wakaambiwa warejeshe kwanza gharama zote alizotoa mwajiri. Viza ya bure ikawa deni, na mwenye deni anakaa na kitabu chako kabatini. Binti mmoja jirani yangu, tukizungumza juu ya miaka yake kule, hakulalamikia kazi. Kazi anaijua, alisema, hata hapa tunateka maji na kupasua kuni. Kilichomkera ni kwamba hakuna aliyemtajia bei. Angejua mapema kwamba kuondoka kuna bei, angeiuliza kabla ya kutia dole gumba.

Kidogo nitaje Saudia, maana wazee wa Umra wananisikiliza. Oktoba 2016 iliwekwa ada ya riyali 2,000 kwa aliyekwisha kwenda kabla na anataka kurudi. Mwaka 2019 ikaondolewa. Iliwekwa kwa kalamu ikaondoka kwa kalamu. Basi mtu asikwambie kwamba ada hizi zimeshuka kutoka mbinguni.

Ulaya. Hapa ndipo penye bahasha. Mama mmoja wa mtaani kwetu alinifungulia ya kwake, bahasha ya kaki imechakaa kwenye mikunjo. Mlikuwa na barua ya mwaliko ya mwanawe wa London, hati ya mshahara ya mwana, picha za harusi ya mwana, hati ya shamba lenye jina la marehemu mume, na karatasi ya benki yenye pesa ambazo, baina yangu na wewe msikilizaji, si zake. Ziliazimwa kwa ndugu watatu zikalala kwenye akaunti ili zionekane, kisha kila mmoja akachukua chake. Huo mtindo watu wa ubalozi wanaujua zamani. Wanaangalia pesa imeingia lini, na ikiwa imeingia yote kwa mkupuo wiki iliyopita, ndio imekuharibia badala ya kukutengenezea.

Viza ya matembezi ya Uingereza, tangu Aprili 2025, ilikuwa pauni 127. Tuihesabu pauni moja kwa shilingi 3,300: ni kama shilingi 419,000, kilo 30 za karafuu. Hiyo ni ada. Halafu alama za vidole lazima zikatolewe Dar es Salaam. Mama ana magoti, hawezi kwenda peke yake, kwa hiyo ni nauli mbili: gari mpaka Wete, gari mpaka Mkoani, boti, kulala kwa jamaa ambaye lazima umchukulie kitu, bajaji ya kwenda na kurudi kituoni. Na yote hayo ni kwa kuomba tu. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa: hawakuridhika kwamba atarudi kwao baada ya ziara. Mwanamke ana mikarafuu, ana kaburi la mume, ana wajukuu tisa wanaomwita bibi tangu asubuhi, wanamshuku atakwenda kujificha kwenye baridi ya London! Ningecheka kama si zile kilo 30, ambazo hazirudishwi.

Nchi za Schengen ni hivyo hivyo. Juni 2024 walipandisha ada kutoka euro 80 kuwa 90, na lazima uwe na bima inayofika euro 30,000. Euro 90, tukihesabu euro kwa shilingi 2,900, ni kilo 18 na ushei. Ukinyimwa, pesa imekwenda. Kikundi cha watafiti kinachoitwa LAGO Collective kilijumlisha ada za maombi yaliyokataliwa na nchi za Schengen kwa mwaka 2023 peke yake, ikafika kama euro milioni 130, na sehemu kubwa imetoka mifukoni mwa watu wa nchi maskini. Wenyewe wanasema ada ni ya kazi ya kukagua maombi. Sawa, kazi ina malipo. Lakini mkaguzi huyo huyo analipwa sawa ukipata na ukikosa, na wewe aliyekosa hurejeshewi kitu. Kwetu ukimpa fundi pesa ya kutengeneza mashine ya boti, ikashindikana kutengenezeka, angalau mnakaa mkaamua nani anabeba nini. Mimi nasema nusu ya ada irudishwe kwa aliyekataliwa. Najua hawatanisikia kutoka Gando, lakini nimesema.

Marekani nitapita mbio. Ada ya kuomba viza ya matembezi ilikuwa dola 185 tangu Juni 2023, na Oktoba 2025 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji aliweza kutakiwa kuweka dhamana ya kuanzia dola 5,000 mpaka 15,000, arejeshewe akirudi. Hapo mazungumzo ya karafuu yanakwisha.

Kutembea ni kitu kimoja, kuhamia ni kitu chengine. Kijana wa hapa ameoa, tuseme, binti wa Kipemba mwenye uraia wa Uingereza. Ndoa imefungwa vizuri, watu wamekula pilau, sasa anataka kumfuata mkewe. Ada ya viza ya mwenza akiomba kutoka huku, kwa viwango vya Aprili 2025, ilikuwa pauni 1,938. Juu yake iko ada ya matibabu, pauni 1,035 kwa mwaka, na inalipwa yote mbele: kwa viza hii ya miezi 33 ni pauni 3,105. Jumla pauni 5,043, yaani zaidi ya shilingi milioni 16 na nusu. Kwa kipimo chetu ni kilo 1,188 na ushei. Gunia la kilo 50, ni magunia 23 na bado unadaiwa kilo 38. Na mkarafuu, wanaojua wanajua, hauzai sawa kila mwaka. Kuna miaka shamba zima halijazi magunia manne.

Hapo sijataja kipimo cha kifua kikuu, mtihani wa Kiingereza, wala sharti kwamba kipato cha huko kifike pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa Aprili 2024 kutoka 18,600. Binti anayefanya kazi ya kulea wazee London, saa za usiku, asipofika hapo mume anabaki Gando na ndoa inakuwa ya simu. Baada ya miezi 33 analipa tena kuongeza muda, na akitimiza miaka 5 ukaazi wa kudumu, kwa viwango hivyo hivyo vya Aprili 2025, ulikuwa pauni 3,029. Mimi huwaambia vijana wanaonijia: muulize mchumba habari za mahari, na muulize pia habari za mshahara wake, usione haya. Serikali yake itamuuliza.

Sasa tujitazame na sisi. Mgeni wa Ulaya akija Pemba kuzamia analipa viza ya dola 50, Mmarekani dola 100, na tangu Oktoba 2024 anayeingia Zanzibar analipa bima ya dola 44. Kwa Mjerumani jumla ni dola 94. Si haba, na wapo wanaonung'unika mitandaoni. Lakini angalia anachoulizwa. Hatuombi karatasi ya benki ya miezi 6. Hatumwambii alete hati ya shamba la baba yake. Hatumwandikii kwamba tuna shaka atarudi Munich. Analipa, anaingia, kesho yuko kwenye maji. Na akitaka kukaa kabisa, akinunua nyumba Unguja katika miradi iliyoidhinishwa ya thamani ya dola 100,000 au zaidi, anapata njia ya kibali cha ukaazi yeye na familia yake. Tena uhamiaji ni jambo la Muungano, viza na vibali vinatoka kwenye mfuko mmoja wa sheria, lakini Zanzibar imejua kutengeneza mlango wa mwenye pesa. Sina ugomvi na hilo, wanajenga na vijana wanapata kazi. Ninachouliza ni kwa nini hatujawahi kumtengenezea mlango kama huo nahodha wa dago.

Maana na sisi si malaika. Julai 2025 Tanzania Bara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara ndogo ndogo za aina 15, na Wakenya wakapiga kelele kwamba Soko la Pamoja limevunjwa. Wakati tunashangilia hapa, jamaa zetu walioko ng'ambo walikuwa wamekaa kwa Wakenya, wanauza samaki kwa Wakenya, wakisikiliza habari hiyo redioni kwa lugha ile ile wanayoelewa wenyeji wao. Nadhani usiku ule hawakulala vizuri.

Ningekuwa na mamlaka, ningeomba mambo ambayo hayahitaji Ulaya iamke. Nchi mbili hizi zikae, Kenya na Tanzania, zitoe pasi moja ya msimu kwa chombo kizima: jina la chombo, jina la nahodha, orodha ya mabaharia, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na humo humo kibali cha kuvua na ada ya kamati ya ufukwe, risiti moja. Mvuvi ajue bei yake kabla hajatweka tanga. Na pasipoti, maafisa wa uhamiaji na wa vyeti waje Gando pamoja, siku moja, meza moja, wakae skuli, ili Juma na Jumaa wapatanishwe hapo hapo badala ya kupelekwa Chake. Kambi za kupima macho zinakuja. Hii nayo inawezekana.

Mpaka hapo patakapofika, wenye vyombo wanaotaka kwenda dago kaskazi hii waanze na vyeti sasa hivi, kabla vijana hawajaingia mashambani kuchuma, kwa sababu karafuu zikiiva hutampata mtu wa kwenda naye Wete. Ada ya pasipoti lipeni kwa kontroli namba iliyotoka kwenye mfumo wenyewe, benki au kwa simu zenu. Akija mtu barazani na namba yake binafsi akisema tumia hapa nitakushughulikia, muulize risiti yake ina nembo gani. Na yule mama wa bahasha ya kaki ameniambia anataka kuomba tena mwezi ujao. Safari hii mwanawe anamtumia pauni 30 kila mwezi kwenye akaunti yake mwenyewe, zikae, zionekane zimeingia kwa mpango. Nitakwenda nikamsaidie kupanga karatasi.